Umetoka Mwezini, sasa ufanye kazi gani?

Mwanaanga wa Marekani Buzz Aldrin aliporudi kutoka Mwezini mwaka 1969, alijaza fomu ya masurufu kama mtumishi yeyote aliyetumwa kikazi mkoani. Safari iliandikwa Houston, Cape Kennedy, Mwezini, Bahari ya Pasifiki, Hawaii, kisha Houston tena. Jumla ya madai: dola 33 na senti 31. Chakula na malazi yalikuwa ya serikali, sasa posho ya nini?

Naipenda fomu hiyo kwa sababu inaturudisha kwenye jambo ambalo masimulizi ya Apollo, mradi wa Marekani wa kupeleka watu Mwezini, hulipita juu juu. Kukanyaga Mwezi kulikuwa ajira. Waliofanya kazi hiyo ni wanaume 12, kati ya Julai 1969 na Desemba 1972. Mkubwa wao, Alan Shepard, alikuwa na miaka 47. Mdogo wao, Charles Duke, 36. Kustaafu kulikuwa bado mbali. Ndiyo maana ubishi haujaisha: safari ile iliwajenga, au iliwaharibia maisha?

Wanaosema iliwaharibia humtanguliza Aldrin, na si bure. Aliondoka NASA, shirika la anga la Marekani, mwaka 1971, akarudishwa jeshini kusimamia shule ya marubani wa majaribio kule Edwards, kituo cha jeshi la anga California, wakati yeye mwenyewe hakuwahi kusomea urubani huo. Haikuchukua muda akastaafu. Yakafuata sonona, pombe, ndoa kuvunjika. Kuna kipindi alikuwa muuzaji wa magari ya Cadillac huko Beverly Hills, na kwa miezi kadhaa hakuuza hata moja. Kisha huongezwa majina mengine: James Irwin aliyegeuka mhubiri na kupanda mlima Ararat kutafuta safina ya Nuhu, Edgar Mitchell aliyezama katika utafiti wa nguvu za akili zisizo za kawaida, Duke aliyeingia biashara ya kusambaza bia. Hoja yao ni kwamba aliyewahi kuiziba Dunia nzima kwa kidole gumba haoni tena kitu kikubwa hapa chini.

Ni hoja tamu, lakini mimi hainiingii. Mama yake Aldrin alijiua mwaka 1968, mwaka mmoja kabla ya safari, na Aldrin mwenyewe amesema wazi kwamba sonona ilikuwa katika ukoo wa mama yake. Mwezi haukumletea ugonjwa huo. Huyo huyo aliacha pombe mwaka 1978 na hajarudi nyuma. Na Irwin je, nani ametuambia kwamba mahubiri ni anguko? Kwake yalikuwa wito.

Kilichowaponza wengi, naona, ni uhaba wa viti. Mwaka 1970 NASA ilifuta safari za Apollo 18, 19 na 20. Baada ya safari ya mwisho ya Mwezini mwaka 1972 zilibaki safari tatu za kituo cha angani cha Skylab, moja ya kukutana na Warusi angani mwaka 1975, halafu kimya hadi Aprili 1981. Katika miaka hiyo karibu sita hakuna Mmarekani aliyeruka angani. Kati ya wale 12, waliopaa tena ni watatu tu: Pete Conrad, Alan Bean na John Young. Fundi ukimfungia karakana, usishangae ukimkuta anauza bia.

Hata hivyo, kubaki kazini nako hakukuwa kinga. Young alidumu NASA miaka 42, akaongoza safari ya kwanza ya chombo cha Shuttle. Shuttle iitwayo Challenger ilipolipuka mwaka 1986 aliwaandikia wakubwa wake bila kupepesa macho kuhusu usalama. Mwaka uliofuata akaondolewa kwenye ukuu wa wanaanga na kupewa cheo kingine.

Pagumu zaidi ni kwenye pesa. Kabla ya kuruka, kikosi cha Apollo 11, safari ya akina Aldrin, kilisaini bahasha nyingi zenye stempu na kuziacha chini, ili wasiporudi familia zao ziziuze. Ndiyo ilikuwa bima yao. Hapo hakuna aliyelalamika. Miaka miwili baadaye David Scott na wenzake wa Apollo 15 wakapenyeza chomboni bahasha 400 hivi bila kibali. Mia moja zilikwenda kwa mfanyabiashara Mjerumani, kwa mapatano ya dola 7,000 kwa kila mwanaanga. Pesa walizirudisha, lakini walikaripiwa rasmi, na hakuna kati yao aliyeruka tena. Nakubali kwamba walikosea: chombo kilikuwa cha umma. Ila mwaka 1983 NASA hiyo hiyo, ikishirikiana na posta, ilipakia bahasha zaidi ya 250,000 kwenye Shuttle ili ziuzwe. Mwaka huo huo serikali ikawarudishia kina Scott bahasha ilizokuwa imezishikilia. Kwa hiyo kosa lilikuwa biashara, au nani anafanya biashara?

Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga Mwezi, alijaribu kuukwepa mtego wote. Alifundisha uhandisi Chuo Kikuu cha Cincinnati kuanzia 1971 hadi 1979, akalima shamba lake Ohio, na mwishowe akakataa kusaini majina alipogundua kwamba saini zake zinauzwa. Wapo wanaomwona mchoyo, kwamba walipa kodi waliompeleka walistahili kumsikia zaidi. Sikubaliani nao, ingawa nawaelewa. Tena hata ukimya haukumsaidia: mwaka 2005 iligundulika kwamba kinyozi wake alikuwa ameuza nywele zake kwa dola 3,000.

Bean ndiye ninayemwonea wivu. Aliacha kazi mwaka 1981 akawa mchoraji. Kabla rangi haijakauka alikuwa akiigongagonga kwa nyundo aliyoitumia Mwezini, na kuikandamiza kwa soli ya kiatu cha mwanaanga. Kisha alikata vipande vidogo vya beji zilizokuwa kwenye suti yake, bado zina vumbi la huko, akavichanganya ndani ya rangi. Alichora hivyo hadi alipofariki mwaka 2018.