Mguu wa Ami ulivyotokea chini ya Vespa

Video ya Ami na pikipiki yake ya Vespa mmeshaiona, najua. Aliyeirusha ni rafiki yangu wa kufa na kuzikana, tena kaipachika sauti ya mbuzi ambayo siku ile haikuwepo. Basi leo isikieni kwa mwenyewe, kabla haijafika Pemba kwamba Ami kakatika mguu. Hajakatika. Mguu ulipita tu.

Vespa ile ya buluu ndiyo aliyokuwa akiendea skuli miaka yote aliyofundisha, na kila aliyekula bakora zake anaujua mlio wake hadi leo. Sasa, Vespa haina fremu yakhe. Bodi lenyewe la bati ndilo fremu, na chumvi ya bahari yetu haina adabu kwa bati. Sakafu pale pa kuwekea miguu, hasa ubavuni mwa pedeli ya breki, ilikuwa imeliwa hata ukiinama unaiona lami.

Ami akampelekea rafiki yangu huyo huyo, ana karakana ya bodi za magari Saateni. Jamaa akataja bei. Ndipo mimi, mbele ya baraza nzima, kikombe cha kahawa mkononi, nikasema: "Ami, pesa ya nini? Mwanao nipo. Moto ni moto."

Yashikeni hayo maneno, tutayafikia.

Mimi kazi yangu mageti na madirisha ya nondo, Mwanakwerekwe. Mashine yangu ya kuchomelea ni ya koili, imesukwa hapa hapa, kuinyanyua lazima muwe wawili. Ukitaka kupunguza moto unahamisha waya kutoka tundu hili kwenda lile, na hilo la chini kabisa bado linashika bawaba ya geti bila wasiwasi. Kijiti cha kuchomelea chembamba kuliko vyote nilivyokuwa navyo ni cha milimita 2.5. Bati la Vespa, hata likiwa jipya, halifiki milimita 1.5. La Ami lilikuwa kutu iliyopakwa rangi.

Tumpe rafiki yangu haki yake: alinieleza. Alisema bati jembamba halina pa kuupeleka moto, ukizubaa kidogo linayeyuka na kudondoka. Na kijiti nacho ukikipunguzia moto sana hakiwaki, kinanata. "Njoo nikuazime mig," akasema, ile mashine inayochomelea kwa waya unaojisukuma wenyewe badala ya kijiti. Waya wa milimita 0.8, ukipata wa 0.6 ndiyo raha zaidi, na chupa ya gesi, agoni iliyochanganywa na kabonidayoksaidi. Unadonoa nukta hapa, unahamia kule, unaacha ipoe, unarudi. Mashine ya tig ingetoa mshono mzuri kuliko wote, lakini ile inataka agoni tupu, bati safi lisilo na chembe ya kutu, na fundi mwenye subira. Aliposema subira alinitazama. Ile mig nyingine isiyo na chupa, waya wake una unga ndani, akanikataza kabisa: inachoma zaidi na inatapika cheche.

Nikamjibu kwamba mimi nafanyia kazi uwanjani, kusi ikivuma gesi yote inapeperuka na mshono unajaa matundu. Hilo ni kweli jamani, muulizeni fundi yeyote! Ila siku ile hapakuwa na upepo hata wa kuzima kibiriti.

Tangi la petroli nililitoa, wazimu wangu una mipaka. Nikakata kiraka, nikashusha ngao usoni, nikagusa. Tundu. Nikasema si neno, naliziba. Nikagusa pembeni yake, tundu likapata mwenzake, kisha yakaoana. Kila nilipoziba ndipo nilipopanua. Pahala pengine kijiti kikanata, nikakivuta, kikaja na bati lake. Mwisho wa kazi mshono ulikuwa kama bajia zilizomwagika, na katikati ya bajia unaona mwanga.

Fundi mwenye haya zake angesimama hapo. Mimi nikaenda kununua bodifila, ile lipu ya kuzibia mabodi ya magari, kopo zima. Nikapaka, nikapiga msasa, nikapuliza rangi ya buluu, nikatandika na mpira mpya juu. Wallahi ilipendeza. Picha niliweka hapa hapa mkanimwagia makopakopa, leo mnajifanya hamnijui.

Ijumaa, watu wametoka msikitini. Ami kavaa kanzu nyeupe, kofia ya kiua, makubadhi mapya. Akaisukuma Vespa mpaka mbele ya baraza ili kila mtu aione. Akapiga kiki, ikaitika. Akakaa. Akanigeukia mimi nilipochutama na kahawa yangu, akasema kwa ile sauti yake ya darasani, "Kazi nzuri, kijana."

Pale barazani pana kimteremko. Vespa ikaanza kuteremka, taratibu sana. Ami akakanyaga breki.

Kwanza ilikuja sauti, krrrr, bodifila linapasuka. Kisha mpira ukazama. Sasa nifuateni vizuri: pedeli imefungwa kwenye sakafu ile ile. Sakafu ikiinama, pedeli inainama nayo, breki haishiki. Na breki isiposhika mtu anafanyaje? Anakanyaga zaidi. Ami akakanyaga zaidi. Mguu ukaingia hadi kwenye kifundo. Akakanyaga zaidi. Kubadhi likachomoka, likabaki barabarani, muuza kahawa akaliokota na kulipangusa vumbi. Mimi kwa pale chini nilipokaa nikaona vidole vya Ami vinatokea upande wa pili wa sakafu, kimoja kimoja, kile kikubwa mbele. Upindo wa kanzu ukavifuata. Hapana aliyesema kitu. Vespa ikasimama, na kilichoisimamisha si breki, ni kisigino.

Ami hakugeuka. Akauliza akitazama mbele, "Kijana. Mguu wangu uko wapi?"

Nikajibu kwa heshima zote nilizofunzwa. "Uko chini, Ami."

Na hapo, kutoka nyuma ya baraza, sauti ninayoijua vizuri sana, mwenye nayo kashika simu anarekodi: "Moto ni moto!"

Wazee walicheka hadi mmoja akaomba maji. Mimi nilikwenda kuuchomoa mguu kwa koleo, na kila nikikunja bati, Ami ananisahihisha nalikunja kinyume. Kachunika kidogo tu, akapakwa dawa, basi. Rafiki yangu akaikata sakafu yote kwa grenda mpaka kwenye bati zima, akatia jipya kwa mig, nukta nukta, huku kazi yangu ikiwa kushika taa. Bei akaongeza. Kasema ni ya kukwangua bodifila. Nimelipa mimi, na makubadhi nimelipa mimi.

Ami kwa sasa hapandi Vespa kabla ya kuigonga sakafu kwa ncha ya mwavuli, mara tatu nne, na sharti niitwe nije nisikilize. Namwambia, Ami, hii si kazi yangu, hii imechomewa Saateni. Anajibu, "Najua. Ndiyo maana naipanda."