Tusimulieni na miaka ya kubeba boksi

Jumamosi nilikuwa kwenye sendofu Sinza. MC akamsimamisha mgeni mmoja: "Daktari wetu kutoka Uingereza!" Vigelegele ukumbi mzima. Mzee tuliyekaa naye meza moja akamgeukia mwanawe anayesubiri matokeo ya kidato cha sita: "Umemwona mwenzio?" Kijana akainamisha kichwa. Nilikereka, na mpaka leo nimekereka.

Sina ugomvi na vigelegele, yule daktari anavistahili. Na ndiyo, watoto wanahitaji watu wa kuwatazama. Kinachoniuma ni kwamba tunawasimulia mwanzo na mwisho tu. Aliondoka, akafanikiwa. Katikati, ile miaka ya kubeba boksi, yaani kazi za chini za ughaibuni, tunaparuka.

Abdulrazak Gurnah alipopata Nobel ya fasihi Oktoba 2021, kila mtu hapa mjini alisema ni wetu. Nani aliwaambia wanafunzi kwamba kijana huyo wa Zanzibar aliwahi kuwa mhudumu wa hospitali Uingereza, na kwamba riwaya yake ya kwanza ilitoka 1987, karibu miaka ishirini tangu aondoke nyumbani? Mbagala wanamkumbuka mwanasoka wao Samatta wa Aston Villa ya Uingereza, 2020. Ile miaka ya Lubumbashi, Kongo, na klabu ya TP Mazembe, kabla hata ya Genk ya Ubelgiji, haitajwi.

Dada yangu, mtoto wa mama mdogo, ni muuguzi aliyesomea hapahapa Dar. Uingereza alianzia kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kazi ya kuwaogesha na kuwageuza kitandani, kwa sababu kule hufanyi kazi kama muuguzi kamili mpaka baraza lao la wauguzi likusajili. Kuna mtihani wa Kiingereza, kuna wa uuguzi unaofanywa kwenye kompyuta, halafu wa vitendo: unamhudumia mgonjwa wa kuigiza, msimamizi pembeni anaandika kila unachosahau, hata kunawa mikono. Hela ya mitihani inatoka kwenye mshahara uleule unaolipa ada za wadogo zake. Usiku mmoja alinipigia video akiwa kwenye basi, bado na sare, kavua kiatu kimoja, kisigino kimechubuka. Mapajani ana daftari, anakariri hatua za kusafisha kidonda. Akaniambia, "Kaka, mama asijue."

Kwa nini mama asijue? Kwa sababu yetu sisi. Tunawacheka wabeba boksi, tunawapigia makofi madaktari, na mara nyingi ni mtu yuleyule, miaka tofauti. Ndiyo maana picha zinazotufikia ni za koti na theluji tu. Na kijana anayeziamini anatua kule na cheti chake akidhani Jumatatu ataanza kazi. Ikishindikana anaona aibu, simu hapokei, nyumbani wanasema kawasahau. Huyo hajamsahau mtu. Tumemfungia mlango wa kusema ukweli.

Nawaomba ninyi mlioko huko: mkija likizo Desemba, semeni. Mlilala wapi mwaka wa kwanza, mlianza na kazi gani, mtihani upi uliwaangusha, nani aliwashika mkono. Semeni mbele ya wazazi, kabla mmoja wao hajauza kiwanja cha Chanika kumlipa wakala wa kupeleka vijana nje.