Nambari ya Machi: nani aaminiwe kabla besiboli haijaanza?

Jirani yangu hapa kusini mwa Seattle, mzee aliyestaafu kazi ya kuunda ndege, ana madaftari. Kila msimu wa besiboli una daftari lake. Ndani anaandika mechi kwa mkono, kwa penseli aliyoichonga kwa kisu: herufi K kwa mpigaji aliyetolewa kwa kuzungusha gongo akakosa mpira wa mwisho, na K iliyogeuzwa kwa yule aliyesimama tu akautazama ukipita. Ila kinacholeta ubishi kiko nyuma ya jalada. Pale, kila Machi kabla ya mechi ya kwanza, huandika nambari moja: Mariners, timu ya Seattle, watashinda mechi ngapi kati ya 162. Akishaandika, haifutwi. Ni sheria aliyojiwekea mwenyewe.

Mwaka huu ubishi umekolea, na sababu kila mtu hapa anaijua. Oktoba 2025, katika mechi ya saba ya nusu fainali dhidi ya Toronto, Mariners walikuwa mbele 3-1. Awamu ya saba kati ya tisa, George Springer wa Toronto akapiga mpira ukaruka ukuta na kuingiza mikimbio mitatu, yaani pointi tatu, kwa mpigo. Ikaisha 4-3. Klabu hii ilianzishwa 1977, na kati ya klabu zote 30 za ligi kuu ya Marekani ndiyo pekee ambayo haijawahi kukanyaga World Series, fainali ya ubingwa. Basi ukimwambia shabiki wa Seattle kwamba kompyuta imekadiria timu yake hivi au vile, unamgusa kwenye kidonda.

Tuanze na watu wa kompyuta. Wana mifumo yao. PECOTA, iliyoundwa na Nate Silver na kuanza kutumika 2003, ndiyo maarufu zaidi, na iko pia ZiPS ya Dan Szymborski. Kazi yao si uganga. Wanachukua miaka michache ya karibuni ya kila mchezaji, wanatazama umri wake, wanakadiria atacheza mechi ngapi bila kuumia, kisha wanajumlisha: timu itaingiza mikimbio mingapi na kufungwa mingapi. Halafu msimu mzima unachezwa ndani ya kompyuta mara maelfu, na wastani wa ushindi ndio unaochapishwa.

Upande wa pili wako watu wa macho. Hawa wanakwambia timu si jumla ya wachezaji, kuna moyo, kuna chumba cha kubadilishia nguo, kuna kocha anayejua amtoe nani na lini. Ushahidi wao wanao, na haukutoka mbali. Mwaka 2021 Mariners waliingiza mikimbio 697 wakafungwa 748. Ukitumia kanuni ya mtakwimu wa besiboli Bill James, ile ya kuchukua mikimbio uliyoingiza na uliyofungwa, ukaipa kila moja kipeo cha pili na kutafuta uwiano, timu ya namna hiyo inastahili ushindi kama 75. Walishinda 90. Katika mechi zilizoamuliwa kwa mkimbio mmoja walishinda 33 na kupoteza 19. Watu wa kompyuta wakasema: bahati, subirini mwakani. Mwakani wakashinda 90 tena na kufika mchujo wa Oktoba, wa kuwania ubingwa, kwa mara ya kwanza tangu 2001.

Mzee jirani huitaja 2021 kama watu wanavyotaja mtoto aliyefaulu mtihani baada ya mwalimu kusema hatafika popote. Mimi namjibu kwamba timu ya 2022 haikuwa ile ile. Julio Rodríguez aliingia, Luis Castillo akaja katikati ya msimu, na safari hii waliingiza mikimbio mingi kuliko waliyofungwa. Hawakurudia muujiza, walikuwa wazuri kweli. Hapo hunikazia macho na kumenya karanga zake.

Kuna jambo moja ambalo msomaji aliyezoea mpira wa miguu lazima alishike, la sivyo ubishi wote huu hautamwingia. Katika soka, bingwa anaweza kumaliza msimu akiwa amepoteza mechi mbili. Besiboli haiko hivyo. Rekodi ya ushindi mwingi kuliko wote ni 116, iliyowekwa na Cubs mwaka 1906 na kufikiwa na Mariners 2001, na hata hao wa Seattle walipoteza mechi 46. Timu mbovu kabisa ya zama hizi kwa idadi ya vipigo, White Sox ya 2024, ilipoteza 121 lakini ikashinda 41. Kila kitu kimebanwa katikati. Na katikati hapo bahati ina nafasi kubwa: chukua timu ambayo uwezo wake halisi ni nusu kwa nusu, irudishe uwanjani mechi 162, na hesabu ya kawaida ya kurusha sarafu inasema matokeo yatayumba kwa ushindi 6 hivi juu au chini, bila mtu kuumia wala kocha kukosea. Hata kuzidi hapo si ajabu, maana msimu mmoja katika mitatu huvuka mpaka huo. Yaani hata malaika akushukie Machi na kukunong'oneza uwezo kamili wa timu yako, bado huwezi kujua kama ni 78, ambao ni kwenda kuvua samaki mapema, au 90, ambao ni tiketi ya Oktoba.

Kwa hiyo shabiki anayecheka kwamba kompyuta ilikosea kwa ushindi saba hajagundua kitu. Lakini mtu wa kompyuta naye asijifiche humo milele, na hapa ndipo mimi huwakasirikia. Ukichapisha 88 kavu, watu watasoma 88. Ikitokea 97 unasema huo ulikuwa wastani tu, ikitokea 79 unasema hivyo hivyo. Nabii asiyeweza kukosea hatumuulizi maswali tena, tunampita tu.

Na wamewahi kukosea kwa kishindo. Mwaka 2015 PECOTA iliwapa Kansas City Royals ushindi 72, ilhali walitoka kucheza World Series mwaka mmoja kabla na kufika mechi ya saba. Walishinda 95 na kuchukua ubingwa. Wapigaji wa timu ile walikuwa wagumu kuwatoa kwa kukosa mipira mitatu, timu ilidaka kila kilichoruka, na ikifika awamu ya saba ikiwa mbele, warushaji wake wa akiba walifunga mlango. Mambo hayo mfumo uliyaona kwa jicho moja. Mwaka 2021 tena, San Francisco Giants walikadiriwa kumaliza chini ya nusu, wakashinda 107.

Mashabiki huishia hapo na kupiga makofi. Hawasemi habari ya White Sox ya Chicago ya 2007. Timu ilikuwa bingwa 2005, ikashinda 90 na kupoteza 72 mwaka 2006, halafu PECOTA ikatoa makadirio: ushindi 72, kupoteza 90. Chicago wakaona wametukanwa. Msimu ukaisha 72-90, hivyo hivyo, kama vile mtu alinakili. Sidhani kulenga nambari yenyewe ni ufundi, hapo bahati ilikuwa upande wa kompyuta. Ila mwelekeo waliuona wakati mji mzima unasherehekea.

Na watu wa macho wakiachiwa uwanja peke yao? Mwaka 2011 Boston Red Sox walimleta Adrián González na Carl Crawford, na wachambuzi karibu wote wakawapa ubingwa kabla jasho halijatoka. Walianza kwa kushinda mechi 2 na kupoteza 10, Septemba wakaporomoka, wakatupwa nje siku ya mwisho. Machi 2022 kocha wa Dodgers wa Los Angeles, Dave Roberts, alitangaza hadharani kwamba mwaka ule wangechukua World Series. Wakashinda mechi 111, kisha wakatolewa na Padres waliomaliza ushindi 22 nyuma yao. Kwa maneno ya vijana wa nyumbani, mkeka ulichanika.

Mkeka wenyewe siku hizi ni sehemu ya mchezo. Tangu Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoyafungulia majimbo mlango wa kubeti mwaka 2018, nambari za Machi zimepata bei. Kampuni zinaweka kiwango chenye nusu, mathalani 87.5, pasiwe na sare, nawe unachagua juu au chini. Mtu aliyeweka pesa habishani kama shabiki. Anataka wastani usio na mapenzi, na huyo mfumo unamfaa. Shabiki anataka kitu kingine.

Tazama habari ya Cal Raleigh, mdakaji wa Mariners, yule anayekaa nyuma ya mpigaji. Mwaka jana alipiga mipira 60 nje ya ukuta, jambo ambalo hakuna mdakaji aliyewahi kulikaribia. Rekodi ya wadakaji ilikuwa 48. Misimu miwili ya kabla alipiga 30, kisha 34. Mwaka huu akadirieje? Kuna njia rahisi ya mtakwimu Tom Tango, aliyoipa jina la kima kwa kusema hata kima angeiweza: mwaka wa karibuni upe uzito wa 5, uliotangulia 4, wa kabla yake 3. Zidisha, jumlisha, gawa kwa 12. Inakuja karibu 44, na hapo bado hujapunguza kidogo kuelekea wastani wa ligi kama njia yenyewe inavyotaka. Nilipomwonyesha mzee hesabu hiyo alisema, "Kwa hiyo kima wako anasema kijana wetu ameshuka." Nikamwambia hapana, anasema alipanda mahali ambapo watu hawajengi nyumba. Mdakaji huchuchumaa mechi nzima, magoti yanalia, na 44 kwake bado ni msimu wa kutisha. Hakuridhika. Mimi mwenyewe moyoni sikuridhika pia, nami ndiye niliyepiga hesabu.

Kazini, zamu ya usiku, nina mwenzangu Mganda ambaye ni mtu wa Dodgers tangu 2022, klabu hiyo iliposajili vijana wawili wa kwao, Ben Serunkuma na Umar Male. Yeye hana nambari. Ana neno moja tu: "Tatu." Ubingwa wa tatu mfululizo, jambo ambalo halijafanyika tangu Yankees wa 1998 hadi 2000. Namkumbusha kwamba Machi 2025 wengi walisema Dodgers wangevunja rekodi ya 116. Wakashinda mechi 8 za kwanza bila kupoteza, wakaishia 93. Naye ananikumbusha kwamba walichukua kombe. Anayo haki. Lakini nani alitabiri kwamba katika mechi ya saba, ugenini Toronto, wangebakiza wapigaji wawili tu kabla ya kukosa kila kitu, halafu aliyewaokoa awe Miguel Rojas, mtu ambaye si kwa nguvu za gongo anajulikana? Na Toronto wenyewe walikuwa wa mwisho kwenye kundi lao mwaka mmoja kabla.

Turudi kwa madaftari, maana niliyaomba. Nilikaa barazani kwake jioni moja na kunakili majalada matano. Mwaka 2021 aliandika 71, ikawa 90. Mwaka 2022, 92, ikawa 90. Kisha 95 ikawa 88, 91 ikawa 85, na mwaka jana 84 ikawa 90. Kwa wastani amekosea kwa ushindi 8. Nikajaribu mtu mvivu asiyejua besiboli, anayeandika 81 kila mwaka, nusu ya 162: amekosea kwa 7.6. Mvivu amemshinda mzee aliyetazama kila mechi. Nikamjaribu na wa tatu, anayenakili matokeo ya mwaka uliopita, na kwa ule msimu mfupi wa 2020 nikakuza mechi 60 ziwe 162. Huyu amekosea kwa 5.4 tu. Seattle imekuwa timu ya aina moja, inazunguka pale pale, na mzee kila Machi alikuwa akibeba furaha au hasira ya mwaka jana mpaka kwenye penseli.

Lakini sikuweza kumwambia kwamba madaftari hayana maana, kwa sababu hakuna shabiki mwingine ninayemjua aliyeweka makosa yake yote mahali pamoja. Wengine tunakumbuka tuliyopatia.

Wapo pia waliolipwa kupatia. Oktoba 2023 Jerry Dipoto, anayeongoza shughuli za besiboli hapa, aliwaeleza waandishi kwamba klabu ikishinda asilimia 54 ya mechi zake kwa miaka kumi, milango ya Oktoba itafunguka. Kwa hesabu hakukosea. Ila alikuwa ametoka kumaliza msimu wenye ushindi 88, asilimia 54.3, na kukosa mchujo kwa mechi moja. Mashabiki wakaigeuza 54 kuwa tusi, na mwaka uliofuata walipokosa tena kwa mechi moja, likawa tusi zito zaidi. Wale walisikia wastani wakati walitaka kusikia mtu anayelala vibaya kama wao.

Juzi mzee alinikabidhi daftari jipya. Mpigaji Josh Naylor amebaki, mwenzake Jorge Polanco ameondoka kwenda Mets ya New York, yeye ameshaandika 96 yake, sasa akataka na mimi niweke yangu chini ya ile. Nikafikiri, nikaandika 88. Akaitazama, akapiga hesabu pembeni, 88 gawa kwa 162, akainua kichwa.

"Hamsini na nne," akasema, akaanza kutafuta kifutio.