Kiingereza hakikui kwa kuifukuza lugha ya mtoto

Mwaka juzi mthibiti ubora alikaa dawati la nyuma kabisa katika darasa langu la kidato cha pili, daftari mapajani, akanisikiliza dakika 40 zote. Siku hiyo nilikuwa nafundisha jambo ambalo watoto wetu hulichanganya mpaka wanamaliza kidato cha nne: tofauti kati ya tendo lililopita pamoja na wakati wake, na tendo lililokwisha ambalo athari yake bado ipo. Nilianza na mifano ya kitabuni, kwa Kiingereza kitupu. Darasa likanitazama kimya. Nikaandika ubaoni maneno mawili, "nilikula" na "nimekula", nikauliza: ukifika kwa shangazi saa saba mchana akakukaribisha ugali, utamjibu kwa lipi? Wote wakasema "nimekula". Kwa nini si "nilikula"? Binti mmoja wa mstari wa mbele akajibu, "Kwa sababu bado nimeshiba, mwalimu." Tukarudi kwenye Kiingereza, na kwa mara ya kwanza muhula ule nikasahihisha madaftari bila kulowesha kila mstari kwa wino mwekundu.

Ripoti ilipokuja, kipindi hicho kilipewa sentensi moja: mwalimu apunguze, na ikiwezekana aache, kutumia Kiswahili.

Sina ugomvi na aliyeiandika. Alifuata kanuni aliyofundishwa, na mimi nilifundishwa hiyohiyo chuoni. Ugomvi wangu ni na kanuni yenyewe, na nimetumia likizo mbili kusoma ilikotoka na ilikopita. Nilidhani nitaishia kusoma habari za London. Nikajikuta Kampala, na baada ya Kampala nikajikuta Asia.

Mwaka 1961 nchi za Jumuiya ya Madola zilikutana Makerere kujadili ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Miaka 31 baadaye, mtaalamu Robert Phillipson aliuchambua mkutano ule na kutoa imani tano zilizoongoza taaluma hii tangu hapo: kwamba Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza pekee, kwamba mwalimu bora ni yule aliyezaliwa nacho, kwamba mtoto akianza mapema zaidi ndivyo bora, kwamba kadiri anavyokisikia zaidi ndivyo anavyokijua zaidi, na kwamba lugha nyingine zikipewa nafasi kubwa, kiwango cha Kiingereza kitashuka. Phillipson aliziita zote tano dhana potofu. Mtu anaweza kumbishia kwa nadharia. Lakini Asia imezijaribu imani hizi kwa fedha za serikali, kwa mamilioni ya watoto, na matokeo yake yanasomeka.

Tuanze na Malaysia, kwa sababu kisa chake kinatugusa sisi tunaofundisha sayansi na hisabati kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza. Mwaka 2002 serikali ya Mahathir Mohamad ilitangaza kwamba masomo hayo mawili yatafundishwa kwa Kiingereza, na Januari 2003 ikaanza na darasa la kwanza, kidato cha kwanza na kidato cha sita cha chini. Haikuwa kazi ya mzaha. Walimu walipewa kompyuta mpakato na projekta, wakaongezwa posho, wakapelekwa mafunzo. Hoja ilikuwa ileile tunayoisikia huku: sayansi ya dunia iko kwa Kiingereza, basi mtoto aipokee kwa Kiingereza, na lugha atajifunzia humohumo.

Mwaka 2009 serikali ya nchi hiyo, Mahathir akiwa ameshaondoka, ikatangaza kurudi nyuma. Ufuatiliaji wa wizara ulionyesha kwamba, pamoja na posho na vifaa vyote, walimu walikuwa wakitumia Kiingereza kwa kiasi cha nusu tu ya muda wa kipindi au zaidi kidogo. Machi mwaka huo maelfu ya watu waliandamana Kuala Lumpur kupinga sera ile, na mshairi mkongwe A. Samad Said alikuwa miongoni mwao. Ukitazama mtihani wa kimataifa wa TIMSS, wastani wa hisabati wa wanafunzi wa kidato cha pili wa Malaysia ulikuwa 508 mwaka 2003, ukawa 474 mwaka 2007, na 440 mwaka 2011. Waliofanya mtihani wa 2011 ndio waliokuwa wamesoma hisabati kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza.

Sitasema lugha pekee ndiyo iliyoangusha alama zile. Elimu ya taifa zima haiangushwi na jambo moja. Tena alama zilikuwa zimeanza kushuka kidogo kabla ya sera, kutoka 519 mwaka 1999. Ninachosema ni hiki: ahadi ilikuwa kwamba Kiingereza kingewapandisha watoto, nao hawakupanda. Walioumia zaidi walikuwa watoto wa vijijini, wasiokutana na Kiingereza mahali pengine popote isipokuwa kwa mwalimu ambaye naye alikuwa anakitafuta. Wazazi wa mijini walilia sera isiondolewe, na nawaelewa, kwa kuwa watoto wao walikuwa na Kiingereza cha nyumbani cha kuegemea. Serikali imewafungulia mlango tena tangu 2016 kwa shule zinazoomba kufundisha kwa lugha mbili. Mtoto wa kijijini alirudishiwa Kimalay baada ya karibu muongo mzima. Nani atamrudishia hesabu za sehemu alizozikosa akiwa darasa la nne?

Korea Kusini ilijaribu upande mwingine wa imani ileile. Kuanzia mwaka 2001 wizara iliwataka walimu wa Kiingereza wafundishe somo lao kwa Kiingereza. Wakati huohuo kila Novemba taifa zima hunyamaza kwa ajili ya mtihani wa kuingia chuo kikuu. Kipande cha kusikiliza Kiingereza kinapofika, ndege haziruhusiwi kupaa wala kutua. Mtihani wenyewe una maswali 45: 17 ya kusikiliza, 28 ya kusoma. Hakuna hata moja la kuongea. Mwalimu anaamriwa azungumze na wanafunzi kwa Kiingereza, na wanafunzi wanajua kwamba maisha yao yataamuliwa na vifungu vigumu vya kusoma na kuchagua jibu. Mwanafunzi mwenye akili atafanya nini? Atamwomba mwalimu aeleze kwa Kikorea ili aelewe haraka, na jioni ataenda kwenye masomo ya ziada ya kulipia, ambayo Korea ni biashara kubwa. Hata mwalimu hodari hauwezi mvutano wa namna hiyo.

Japani ilionja shubiri hiyo kwa njia nyingine. Ilikuwa imepanga kuingiza mitihani ya Kiingereza ya makampuni binafsi, yenye sehemu ya kuongea, katika udahili wa vyuo vikuu. Novemba 2019 ikaahirisha, na mwaka 2021 ikaachana na mpango huo, kwa sababu hakukuwa na jibu la swali rahisi: mtoto wa visiwani, mbali na vituo vya mtihani, mwenye wazazi wasio na uwezo, atashindanaje na mtoto wa Tokyo anayeweza kuufanya mara nyingi atakavyo? Naiheshimu Japani kwa kusimama pale. Wengi huendelea mbele kwa aibu ya kurudi.

Lakini mambo makubwa ya wizara yasitufanye tusahau kuchungulia darasani, na hapa ndipo utafiti wa Asia ulipogusa moyo wangu. Suresh Canagarajah, Mtamil wa Sri Lanka, alifanya utafiti katika madarasa ya Kiingereza ya Jaffna wakati wa vita, umeme ukiwa shida na hata karatasi za kuandikia ni za kutafuta. Walimu wengi waliamini kwamba hawatumii Kitamil wanapofundisha. Rekodi za vipindi vyao zilionyesha wanakitumia. Walikitumia kueleza jambo gumu, kurudia somo lililopita, na kumtia moyo mwanafunzi aliyekwama. Nilipoisoma sehemu ile nilifunga kitabu nikakaa kimya kidogo. Nilijiona. Nami nikitaka kumwambia mtoto "usiogope, jaribu tena", nasema kwa Kiswahili, kwa kuwa kwa Kiingereza maneno hayo humfikia yakiwa yamepoa.

Hong Kong nako walimu waliochanganya Kikantoni na Kiingereza walihesabiwa kuwa wavivu wanaoshusha viwango, na ripoti ya tume ya elimu ya mwaka 1990 ilikemea uchanganyaji huo waziwazi. Mtafiti Angel Lin aliingia madarasani mwao akaonyesha kwamba wengi walikuwa wanajenga daraja: dhana inaelezwa kwa lugha ya nyumbani, kisha istilahi inawekwa mikononi mwa mtoto kwa Kiingereza, kwa mpango. Ipo pia namna mbovu ya kuchanganya, lazima niseme. Mwalimu anayetafsiri kila sentensi anawafundisha wanafunzi kusubiri tafsiri, na nimekaa katika vipindi vya hivyo nikasikitika. Ndiyo maana nataka wathibiti ubora wetu wajue kutofautisha daraja na mkongojo, badala ya kuvipiga marufuku vyote viwili.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote lilifanyika kusini mwa India kati ya mwaka 1979 na 1984. N. S. Prabhu, mtaalamu wa ufundishaji wa Kiingereza, na wenzake walikuwa na madarasa ya kawaida ya serikali, Bangalore na Madras, yenye wanafunzi 30 mpaka 60, chaki na ubao. Hawakuwa na maabara ya lugha wala mwalimu kutoka Uingereza. Prabhu alikuwa na wazo moja: mtoto hujifunza sarufi akili yake ikiwa imeshughulika na maana. Kwa hiyo waliweka pembeni orodha ya kanuni za sarufi wakaleta matatizo ya kutatua. Ratiba za treni. Ramani. Maumbo ya kuchora kwa kufuata maelekezo. Mwalimu alitatua tatizo moja na darasa zima, kwa maswali na majibu, akiongea Kiingereza cha kueleweka, kisha kila mwanafunzi alipewa tatizo jingine la aina ileile alitatue peke yake. Hakuna aliyelazimishwa kutoa sentensi ndefu. Jibu la neno moja, au la namba tu, lilitosha, mradi liwe sahihi.

Wapimaji kutoka nje walipoyalinganisha madarasa yale na ya kawaida, kila upande ulifanya vizuri zaidi katika kile ulichokizoea, ila wale wa Prabhu walionekana wepesi zaidi kukitumia walichojifunza. Walibaini pia jambo zito: walimu waliojitolea kwa moyo waliiweza njia ile kuliko walimu wa kawaida waliokabidhiwa. Wengine hulisoma hilo kama udhaifu wa mradi. Mimi nalisoma kama habari kuhusu walimu. Mwaka 1990 Prabhu mwenyewe aliandika kwamba hakuna mbinu moja iliyo bora kuliko zote, na kwamba kinachohuisha somo ni mwalimu kuona, kwa akili yake mwenyewe, kwa nini anachofanya kinaweza kumfundisha mtoto. Mbinu isiyoaminiwa na anayeitumia hugeuka desturi tupu, iwe imetoka Bangalore au Makerere.

Ninapoyasema haya kwenye chumba cha walimu, kuna mwenzangu hunijibu kwa neno moja: Singapore. Ni swali la haki. Singapore imefundisha kwa Kiingereza na imefaulu. Lakini tazama Singapore ni nini. Ni mji mmoja, wa bandari na biashara, na katika sensa ya mwaka 2020 asilimia 48.3 ya wakazi wa miaka mitano na zaidi walisema Kiingereza ndicho wanachokitumia zaidi nyumbani. Mtoto wa pale anatoka shule akakuta Kiingereza kwa mama yake, dukani na kwenye basi. Mwanafunzi wangu akivuka geti la shule, Kiingereza kimekwisha mpaka kesho saa moja na nusu asubuhi. Ukiwa na saa chache namna hiyo kwa wiki, kuzitumia kumfanya mtoto asikilize asichokielewa ni kumwibia.

Ufilipino inanisikitisha. Mwaka 2012 ilianza kutumia lugha za mama nchi nzima mpaka darasa la tatu, baada ya majaribio kama ya Lubuagan, huko Kalinga, ambako watoto waliofundishwa kwa lugha yao waliwapita wenzao, hata katika Kiingereza. Mwaka 2024 sheria mpya ikaondoa ulazima huo. Vitabu vilichelewa, walimu hawakutayarishwa, lugha zilikuwa nyingi, kisha lawama ikawekwa juu ya lugha. Wenye nia kama yangu waikumbuke Ufilipino kabla ya kushangilia tamko lolote: lugha ya mtoto nayo inahitaji vitabu, fedha na mafunzo.

Muhula huu nimetunga ratiba ya treni, ya kubuni, kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma kupitia Morogoro: treni nne, muda wa kuondoka, nauli, na moja isiyosimama njiani. Kazi iliandikwa kwa Kiingereza: bibi yuko Morogoro, ana elfu ishirini, lazima afike Dodoma kabla ya saa nane mchana kwa ajili ya kliniki. Apande ipi? Watoto waligombana kwa Kiswahili kwa dakika kumi, vidole vikiwa juu ya maandishi ya Kiingereza, wakisomeana mistari ileile tena na tena ili kumshinda mwenzake. Kijana mmoja ambaye tangu Januari hakuwa amenyoosha mkono alikuja mpaka mezani kwangu na karatasi yake.

"Mwalimu, hapa wameandika treni ya tatu haisimami Morogoro, au mimi ndiye sijaelewa hili neno?"

Alikuwa ameelewa.