Barabara ya Whitman inapita nani?

Wapo wahakiki wanaoiona barabara ya kwenye mashairi kuwa ndoto ya mtu mwenye nafasi. Hana mtoto wa kulea wala askari wa kumsimamisha, basi anaondoka na kuuita huo uhuru. Mfano wao mkubwa ni "Song of the Open Road" (Wimbo wa Barabara Iliyo Wazi), shairi la Mmarekani Walt Whitman lililotoka mwaka 1856. Hoja ina uzito. Sheria ya Marekani ya 1850, iliyokuwa bado inatumika, ilimtishia aliyemsaidia mtumwa mtoro kwa faini ya hadi dola 1,000 na kifungo cha hadi miezi 6. Mtoro alitembea usiku, akiikwepa barabara.

Lakini shairi hili, ambalo leo huchapishwa kwa sehemu 15, hunukuliwa zaidi kwa mishororo yake ya mwanzo, pale msemaji anapoondoka na moyo mwepesi. Sehemu hiyohiyo inaishia kwa kukiri kwamba bado amewabeba watu, wanaume kwa wanawake, na hawezi kuwatua. Sehemu ya 2 ndiyo moyo wa shairi. Wasiokataliwa na barabara wanatajwa: mtu mweusi kwanza (kwa bahati mbaya anatambulishwa kwa nywele zake), kisha mhalifu, mgonjwa na asiyejua kusoma. Baadaye kijana aliyetoroka anapita mbele ya gari la tajiri, bila kuulizwa ametoroka wapi. Shairi halina vina wala mizani. Wapitaji wamepangwa kwa mkato baada ya mkato, hakuna aliyepewa mshororo wa heshima peke yake. Uhuru hapa ni kupokewa, na katika nchi yenye sheria ile, kuandika hivyo hakukuwa jambo dogo.

Wakosoaji wangebana vizuri zaidi kwenye sehemu ya 10. Hapo wanaruhusiwa wenye miili yenye afya tu. Mgonjwa na mlevi, waliopita bila kizuizi katika sehemu ya 2, sasa wanafungiwa nje. Mgongano huo haufutiki kwa maelezo yoyote, nami sioni sababu ya kuufuta. Hata hivyo mwishoni msemaji anatoa mkono wake na kumwomba mwenziwe washikamane maisha yote, ombi ambalo mtu anayekimbia watu hana haja nalo.

Anayelifundisha shairi hili asiishie sehemu ya 1. Aisome 2 na 10 katika kipindi kimoja, kisha awaulize wanafunzi mgonjwa amekwenda wapi.