"Adjust" na dozi ya mama mdogo

Juzi mama mdogo alinipa karatasi ya maelezo ya dawa zake za presha, kidole kikiwa juu ya sentensi moja: "Baada ya wiki mbili daktari atarekebisha dozi yako." Akaniuliza, "Mwanangu, kwani hii ninayomeza sasa imekosewa?" Siku mbili alikuwa hajaigusa dawa.

Dozi haikukosewa. Mtafsiri alikutana na "adjust" ya Kiingereza, akaweka "rekebisha", basi. Limenikera, na bado linanikera.

Kurekebisha ni kunyoosha kilichokosewa au kutengeneza kilichoharibika. Mwalimu hurekebisha makosa, fundi hurekebisha mashine. "Adjust" haidai kuwa pana kosa. Neno hilo lilipita kwenye Kifaransa cha kale, na ndani yake mna "juxta" ya Kilatini, yaani karibu. Ni kukisogeza kitu kikaribie panapotakiwa. Mtazame anayeingia kwenye gari lililokuwa likiendeshwa na mwenzake: anavuta kiti mbele, anainua kioo kwa ncha ya kidole, anakaa, anakiinua tena kidogo. Kiti kilikuwa kizima na kilimfaa aliyeshuka. Sasa kinamfaa aliyepanda. Waingereza wana neno moja kwa yote hayo. Sisi tuna sogeza, inua, shusha, kaza, legeza, ongeza, punguza, weka sawa. Tuna ghala zima, halafu tunatoa neno lile lile kila siku, na mgonjwa anaacha dawa!

Nakubali, watu husema kurekebisha sauti ya redio na hakuna anayepotea. Hiyo ibaki.

Lakini "adjust" ikifuatwa na "to", neno linamgeukia mtu mwenyewe. Ukitoka juani ukaingia chumba chenye giza, mboni hutanuka upesi, ila jicho huhitaji kama nusu saa hivi kufikia uwezo wake wa kuona gizani. Kiswahili kinasema macho yamezoea giza. Kuna haja gani ya kuandika "yamejirekebisha"? Aliyefiwa naye hajirekebishi. Anazoea, polepole, na siku nyingine hazoei kabisa. Wanafunzi wangu nao huandika "I adjusted the new school", kumbe wanataka kusema wameizoea shule. Bila ile "to" ndogo, ni kama wameibadili shule yenyewe iwafae wao, na kila mwaka nairudia ubaoni.

Kwenye bima, yule Waingereza wanayemwita "adjuster" ni mkadiriaji wa hasara. Hapo hatuna shida. Kwenye uchumi, takwimu "zilizorekebishwa kwa mfumuko wa bei" zinasikika kana kwamba zimechezewa, na maana yake ni kwamba athari ya kupanda kwa bei imeondolewa ili miaka ilinganishwe kwa haki. Si uandike hivyo?

Kwa mama mdogo tulimpigia daktari kwanza. Akasema aendelee na dozi ile ile, na baada ya wiki mbili atapima presha aone kama inatakiwa zaidi au pungufu. Nikachukua kalamu, nikakata "atarekebisha", juu yake nikaandika "ataongeza au kupunguza, kulingana na presha yako". Mama mdogo akaisoma kwa sauti, mara mbili, kisha akaomba maji ya kumezea.