Bourbon ya bei mbaya: unalipia miaka au unalipia foleni?

Hapa Lexington, Kentucky, ninapoishi, duka la vileo likipata chupa adimu habari husambaa kabla mzigo haujamaliza kushushwa. Mwaka juzi, mwezi wa kumi na moja, nilisimama kwenye foleni ya namna hiyo tangu saa kumi na moja alfajiri. Baridi ilikuwa imekaza, watu wamekuja na viti vya kukunja na blanketi. Zamu yangu ilipofika, bourbon ya Weller ya miaka 12, ambayo bei elekezi yake, ile inayopendekezwa na kiwanda, haifiki dola 60, ilikuwa imebandikwa dola 180. Niliinunua. Nikiwa kwenye gari narudi nyumbani nilianza kujiuliza ile 120 ya juu nimelipia nini, na sijaacha kujiuliza.

Kwanza tukubaliane wiski hii iitwayo bourbon ni nini, maana sheria ya Marekani haimwachii mpishi wake nafasi kubwa ya ujanja. Angalau 51% ya nafaka lazima iwe mahindi. Kinachotoka mtamboni kisizidi 80% ya kilevi, kiingie kwenye pipa kisizidi 62.5%, na pipa lenyewe liwe jipya, la mti wa mwaloni, lililochomwa ndani mpaka likawa mkaa. Hakuna kuongeza rangi wala vionjo, isipokuwa maji. Rangi ile ya kahawia, vanila na harufu ya sukari iliyoungua vyote vimetoka kwenye ubao. Kisha ipo sheria ya 1897, iliyotungwa kuwakomesha wachakachuaji: chupa yenye maneno "bottled in bond" lazima itoke kiwanda kimoja, msimu mmoja, ikae ghalani si chini ya miaka 4 na ijazwe ikiwa na 50% ya kilevi. Evan Williams ya daraja hilo naipata hapa mtaani kwa dola 18. Kwa hiyo anayenunua bourbon ya bei ya chini hanunui takataka, na hilo ndilo linalofanya mjadala huu uwe mgumu.

Wanaotetea bei kubwa wana hoja nzito hata hivyo. Pipa la kawaida huchukua lita 200 hivi, na kwa joto la Kentucky hupoteza kama 4% kila mwaka kwa mvuke unaopenya kwenye ubao. Wenyewe wanaliita fungu la malaika. Piga hesabu: baada ya miaka 4 umebaki na lita 170, baada ya miaka 23 hazifiki 80. Muda wote huo pipa limekula nafasi ya ghala na limelipiwa kodi kila mwaka (sheria ya 2023 inaiondoa kidogo kidogo mpaka 2043). Jirani yangu, Mkongo wa Bukavu, anafanya kazi ya kusukuma mapipa. Anasema yapo ya ghorofa za juu, kwenye joto kali, ambayo ukiyagusa tu mkono unajua yamebaki nusu, na mengine yamevuja yote bila mtu kujua. Anayekuuzia bourbon ya miaka 23 anakuuzia kilichonusurika, na gharama ya vilivyopotea imo humo humo.

Tatizo linaanza pale mtu anapodhani kila mwaka unaoongezeka huongeza utamu. Mawazo hayo yametoka Uskoti. Kule wiski hulazwa kwenye mapipa yaliyokwisha kutumika, mengi yakiwa haya haya ya Kentucky baada ya kazi yake ya kwanza, na hewa ni ya ubaridi. Mti umeshachoka, unatoa ladha taratibu, ndiyo maana miaka 25 haiharibu kitu. Huku pipa ni bichi na kiangazi ni kikali. Joto likipanda pombe hutanuka ikazama kwenye ubao, baridi ikija hurudi, na kila inaporudi huja na kitu. Miaka ya mwanzo huja na utamu. Baadaye huja na ukakasi, kama chai ya rangi iliyoachwa na majani yake mpaka ikapoa. Kwa ulimi wangu bourbon nyingi huiva kati ya miaka 8 na 12. Nimeonja za miaka 20 na zaidi zilizokuwa sawa na kulamba mbao. Nimeonja moja pia iliyotufanya meza nzima tunyamaze, na siwezi kuwalaumu wanaoitafuta hiyo moja.

Chukua bourbon ya Pappy Van Winkle, jina ambalo hata wasiokunywa wamelisikia. Tangu 2002 inapikwa kwenye kiwanda cha Buffalo Trace, mjini Frankfort, mwendo wa nusu saa hivi kutoka kwangu. Mapishi yake hutumia ngano mahali ambapo wengine hutia rai, nafaka ya jamii ya ngano, na ni jiko hilo hilo linalotoa Weller. Kinachozitenganisha ni umri, mahali pipa lilipolala ghalani, na ulimi wa anayechagua. Ile ya miaka 23 ina bei elekezi ya mamia ya dola, lakini mikononi mwa walanguzi ni maelfu.

Mwezi wa pili tulikaa watu wanne sebuleni kwangu tukajaribu. Mke wangu alimimina jikoni, akabandika vipande vya plasta vyenye namba chini ya glasi, kisha akatuletea: Evan Williams, Wild Turkey 101, ile Weller yangu, na Pappy ya miaka 15 ambayo rafiki yetu aliipata kwa bahati nasibu ya duka, akalipa bei elekezi. Wild Turkey ilijitambulisha mapema, ile pilipili yake haijifichi. Evan Williams ilishika mkia kwa wote, ingawa hakuna aliyeiacha kwenye glasi. Zile mbili za ngano zilitugawa wawili kwa wawili. Pappy ilikuwa nzito zaidi, na hapa niseme kwamba hujazwa ikiwa na 53.5% wakati Weller ina 45%, hivyo si umri peke yake uliokuwa ukishindana. Mimi niliichagua Weller. Umeshameza, unahesabu mpaka kumi na tano, bado zabibu kavu ipo nyuma ya ulimi.

Plasta zilipobanduliwa kila mtu alirudi kwenye Pappy. Ghafla tukaanza kutaja vitu ambavyo dakika kumi nyuma havikutajwa na yeyote: tumbaku, ngozi ya viti, asali. Tulikuwa tunavionja kweli. Mwaka 2008 watafiti wa vyuo vikuu vya Caltech na Stanford waliwaonjesha watu divai wakiwa ndani ya mashine inayopiga picha za ubongo. Divai moja ilitajwa kuwa ya dola 10, kisha ikatajwa kuwa ya dola 90. Ilipotajwa kwa bei kubwa watu waliipenda zaidi, na sehemu ya ubongo inayohusika na raha ikaonyesha kuchangamka zaidi. Mpenzi wa bourbon anaweza kuugeuza ushahidi huo upande wake: kama raha ni ya kweli, basi fedha haikupotea. Nakubali nusu. Raha ni ya kweli, ila iliyoileta ni karatasi iliyobandikwa kwenye chupa.

Ipo hoja moja ya wakusanyaji ambayo siwezi kuipinga. Stitzel-Weller, kiwanda cha Louisville kilichofunguliwa 1935 na mzee Pappy Van Winkle, ambaye bourbon ile ina jina lake, akiwa miongoni mwa wamiliki, kiliuzwa 1972 na mtambo wake ukaacha kupika 1992. Bourbon iliyotoka mle haitapikwa tena. Anayeinunua kama kipande cha historia, akaifungua siku ya harusi ya mwanawe, huyo amenunua kitu ambacho glasi zenye plasta haziwezi kukipima. Lakini historia hiyo hiyo ina upande mwingine. Miaka ya 1970 na 1980 Wamarekani walihamia vodka, na mapipa ya bourbon yakazidi kuzeeka ghalani kwa kukosa wanunuzi. Sehemu kubwa ya wiski kongwe iliyokuja kuabudiwa ilianza kama mali iliyododa.

Kinachonichoma zaidi ni fedha inakoenda. Tangu marufuku ya pombe ilipoondolewa 1933, majimbo mengi yametenganisha mpishi, msambazaji na muuzaji wa duka. Mpishi hupendekeza bei, duka hupanga lake. Ile 120 niliyoongeza haikumfikia aliyesubiri miaka 12. Na serikali inapoishika biashara, bei hushuka ila chupa hupita mlango wa nyuma: mwaka 2023 huko Oregon ilibainika kwamba wakubwa wa tume ya vileo ya jimbo walitumia vyeo vyao kujiwekea chupa adimu, Pappy ikiwemo, na mkurugenzi akajiuzulu. Walizilipia, lakini mwananchi aliyekuwa akizitafuta hakupata hata nafasi ya kuzilipia. Halafu tujitazame wenyewe. Mwishoni mwa 2016 kampuni ya Beam ilipotangaza kuipandisha bei bourbon yake ya Booker's kutoka dola 60 hivi mpaka 100, wapenzi walipiga kelele hadi kampuni ikarudi nyuma, ikaishia 70 na kitu. Mpishi akiongeza dola 40 tunawaka, mlanguzi akizidisha mara tatu tunapanga foleni. Ningependa iwe kinyume, maana dola ya mpishi angalau inaweza kununua pipa jingine.

Kwa hiyo nikiulizwa na mtu anayeanza kuipenda bourbon, nitamwambia hivi. Kutoka dola 20 kwenda 60 utaionja tofauti kwenye glasi, lipa bila wasiwasi. Kutoka 60 kwenda 150 tofauti ipo kwenye baadhi ya chupa tu, onja kwanza baa. Juu ya hapo, kama bei ni ya mpishi mwenyewe na umri unaielezea, ni haki yake, na uamuzi ni wa mfuko wako. Kama ni bei ya mlanguzi, wiski ndani ya chupa ni ile ile ya bei elekezi.

Na sasa hivi kuna sababu ya kusubiri. Ghala za Kentucky zina mapipa zaidi ya milioni 14, jimbo lenye watu milioni 4 na nusu hivi, na wanywaji wamepungua. Desemba 2025 Jim Beam ilitangaza kusimamisha upikaji kwenye kiwanda chake kikuu cha Clermont kwa mwaka 2026. Jirani yangu ana wasiwasi na zamu zake, na hilo halinifurahishi hata kidogo. Ila kwenye rafu bei za walanguzi zimeanza kulegea. Juma lililopita nimeiona Weller 12 kwa dola 110, duka halina foleni, imekaa siku ya tatu. Yangu imebaki theluthi. Nitainunua nyingine ikifika 60.